Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi na Nyumba wa Kaunti ya Mombasa: kabla ya Majengo kubomolewa, hesabuni vyungu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi. Tunakuandikia juu ya nyumba za mtaa wa Majengo, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, ambazo zinazidi kupungua na mahali pake kuinuka magorofa. Hatukuandikii kuzuia ujenzi. Watu wanahitaji vyumba na vyoo vya maji. Ombi letu ni moja: kabla ya nyumba kubomolewa, iandikwe. Tena iandikwe sawasawa, kwa sababu ile desturi ya kuandika namba ya kiwanja, jina la mwenyewe na idadi ya watu hupoteza karibu kila kilichokuwa mle ndani.

Nyumba yenyewe mbele ina baraza. Ukipita mlango mkubwa uko ukumbini, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani penye jiko, choo, na pengine kisima. Kuta ni miti ya mikoko na fito zilizofungwa kwa kamba, zikajazwa vijiwe na kukandikwa udongo. Paa lilikuwa makuti, baadaye madebe yaliyokunjuliwa, mwishowe mabati. Nyumba kama hiyo ilikuwa na watu wa daraja tatu: mwenye ardhi, aliyepokea kodi ya uwanja; mwenye nyumba, aliyejenga juu ya ardhi isiyo yake; na wapangaji, waliolipa chumba kwa chumba. Daftari la ardhi linamjua huyo wa kwanza tu. Wa pili mara nyingi alikuwa mwanamke. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wako wanawake waliotoka utumwani, na baadaye binti zao, walioweka akiba yao katika nyumba. Chumba cha kupangisha ndicho kilichokuwa shamba lao. Ukiandika mwenye kiwanja peke yake, umemfuta mama huyo, na kazi yake ya kukusanya kodi, kutengeneza paa na kuamua ugomvi wa wapangaji umeifuta pamoja naye.

Kosa la pili, na ndilo kubwa, ni kudhani kwamba nyumba moja ni familia moja. Majengo familia ilikuwa chungu kimoja, yaani wale waliopika na kula pamoja. Chumba kimoja chenye wanaume wanne kingeweza kuwa na vyungu viwili: ndugu wawili wa kijiji kimoja wakipika pamoja, wa tatu akipika peke yake, wa nne akila wali wa barazani kwa mama mpishi. Nacho kitanda kimoja kiliweza kuwa na watu wawili, mmoja wa zamu ya mchana na mwenziwe wa usiku. Kwa hiyo asiulizwe mtu "mlikuwa wangapi nyumbani", kwa maana atajibu kwa kukisia. Aulizwe: nani walipakua chungu kimoja? Kitanda hiki kililaliwa na nani mchana? Mke wake alikuwa wapi? Wengi walioandikwa maofisini kuwa waseja walikuwa na wake na watoto Rabai, Ukambani au Nyanza.

Tuje kwenye kazi, ambako maandishi yameharibika zaidi. Mzee akisema "nilikuwa bandarini", hajasema kitu bado. Kabla ya magati mawili ya kwanza ya maji marefu kukamilika Kilindini mwaka 1926, meli zilitia nanga mbali kidogo na shehena ikaletwa ufuoni kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Baada ya hapo kazi ikagawanyika. Palikuwa na kuli wa ngamani, aliyefanya kazi tumboni mwa meli, na kuli wa nchi kavu, aliyepanga mizigo ghalani. Palikuwa na serahangi wa kuliongoza gengi, mtu wa winchi, mtu wa kusimama mdomoni mwa ngama akitoa ishara kwa mkono, na karani wa kuhesabu. Hao wote ni "bandarini". Swali linalowatenganisha ni la mkono: ulishika nini? Gunia la kahawa la kilo 60 hubebwa begani. Robota la katani la kilo 250 halibebwi na mtu. Husukumwa, hufungwa minyororo na kunyanyuliwa na winchi. Saruji na magadi humfuata mtu nyumbani, katika nguo na kifuani. Akikutajia shehena, amekutajia nafasi yake katika gengi na maumivu ya mwili wake.

Swali la pili ni la malipo: kwa siku au kwa mwezi? Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, yaani kile kipande cha karatasi kilichotiwa alama ya siku za kazi. Kibarua aliitwa asubuhi. Meli isipokuja hana kitu. Wengi wao walikuwa watu wa pwani wenye shamba la minazi au mihogo ng'ambo ya kisiwa, na walikuja mjini kwa siku walizozitaka. Mtu kama huyo ana kazi mbili na makazi mawili, na fomu yenye mstari mmoja haimtoshi.

Wanawake nao huandikwa "hana kazi", na mara nyingi ndivyo wanavyojibu wenyewe. Mama atakwambia sina kazi, na mapajani mwake pana ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka. Mwingine uani anakunja jani la mnazi juu ya kijiti, analishona kwa kamba, analiwekea la pili juu yake hadi kijiti kinajaa: hicho ni kiungo kimoja cha makuti, na vikitimia vingi huuzwa kwa hesabu. Kuna mpika mahamri na mbaazi aliyeamka saa tisa usiku ili makuli wapate kula kabla ya kwenda kuitwa. Ulizeni: alfajiri ulifanya nini, adhuhuri ulifanya nini, nani alikulipa. Jina la kazi litakuja lenyewe. Kwa njia hiyo hiyo mtawapata muuza maji na mzegazega wake, mti wa begani wenye debe mbili za lita 18 kila moja, dobi, kinyozi, muuza kahawa na mgema, ambao hawakuwa na mwajiri wa kuwaandika.

Pia angalieni majira. Sensa ya kwanza ya Waafrika nchini Kenya ilifanywa Agosti 1948, na nyingi zilizofuata zikawa mwezi huo huo. Agosti ni kusi, upepo utokao kusini. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba huja na kaskazi, upepo utokao kaskazini, kuanzia Desemba hivi, na kusi ikianza hurudi kwao. Hivyo mtaa uliohesabiwa Agosti hauna wachukuzi wa tende na chumvi wa Bandari ya Kale, na chumba kilichojaa mabaharia Februari kinaonekana kitupu. Kila jibu liandikwe na msimu wake.

Watu wazima hawakumbuki miaka kwa namba. Wafungeni kwenye jambo wanalolijua: vita vya pili, uhuru wa 1963, au mgomo. Mgomo wa Januari 1947, ulioanza tarehe 13, uliwatoa kazini watu wapatao 15,000 kwa karibu wiki mbili, na hawakuwa makuli peke yao. Walikuwamo watu wa reli, wa mahoteli na watumishi wa majumbani. Tazama ukumbi wa vyumba sita utaelewa upesi habari ilivyofika: kuli alipanga chumba kinachotazamana na cha boi wa mzungu.

Tunaloomba, Mheshimiwa, ni karatasi moja iambatanishwe na kila kibali cha kubomoa. Ichorwe ramani ya nyumba, vyumba vipewe namba kuanzia wa kwanza kulia, na kila chumba kiandikwe waliolala, waliokula pamoja, kazi, msimu na mwaka. Waende wawili, mmoja awe mwanamke, kwa sababu mwanamume ataishia barazani na habari nyingi ziko uani. Karatasi zipigwe picha pande zote mbili: risiti za uwanja, kipande cha kazi, kadi ya chama, cheti cha ndoa cha Kadhi. Nyuma ndiko kwenye mihuri na tarehe. Wasiulize kodi ya sasa wala kitambulisho. Wakiuliza, watu watanyamaza. Nakala moja ibaki kwa wenye nyumba, na majina ya walio hai yasitolewe.

Na ziara hiyo iwe kabla wapangaji hawajapewa notisi ya kuhama. Notisi ikishafika, sanduku la bati lililo chini ya kitanda ndilo hufunguliwa kwanza, na karatasi za marehemu hutupwa ili kupunguza mzigo wa mkokoteni.

Wako katika kazi,
Wakusanyaji wa kumbukumbu za mitaa, Mombasa