Usisubiri boila izime ndo uanze kutafuta nyingine

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wale wasomaji wako wanaoishi sehemu za baridi kali, wenye nyumba zinazopashwa joto na boila, yaani ile mashine inayopasha maji alafu yanazunguka kwenye redieta za vyumbani. Kazi yangu ndo hiyo, kufunga na kutengeneza boila, na kuna jambo linaniuma kila baridi ikianza. Simu zinamiminika, boila ya mtu imezima, ndani kuna mtoto mchanga au mzee, anataka mpya leo leo. Sasa mtu wa hali hiyo hachagui kitu, anachukua ile iliyopo stoo siku hiyo, kwa bei atakayotajiwa, kwa fundi yeyote atakayepokea simu, na alichochukua kwa haraka ndo ataishi nacho miaka 10 au 15 ijayo. Inaniuma zaidi kwa sababu boila mara nyingi haifi ghafla, inakuwa imeshatoa dalili muda mrefu tu.

Tuanze na umri manake ndo swali la kwanza kila mtu anauliza. Boila za gesi za siku hizi kwa kawaida zinaenda miaka 10 mpaka 15, zile za zamani za chuma kizito nyingine zinafika 20 na hata 30. Lakini umri peke yake sio sababu ya kuing'oa. Boila ya miaka 14 iliyofanyiwa sevisi kila mwaka naweza kuiamini kuliko ya miaka 8 ambayo haijawahi kufunguliwa. Mimi naangalia kilichoharibika. Kama ni pampu, valvu, feni au ile plagi ya kuwashia, tengeneza, hizo zinabadilika bila shida. Kama ni eksichenja, ile sehemu ya ndani ambapo moto unapasha maji, imetoboka au imepasuka, na boila ina umri, hapo mimi siweki tena hela ya mtu. Na kama fundi anakwambia spea za modeli yako hazitengenezwi tena na inabidi atafute zilizotumika, basi muda umefika hata kama leo inawaka vizuri. Kipimo changu mwenyewe ni kwamba boila ikishapita miaka 12 na matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya mpya, naiacha iende.

Lakini jamani kabla hujailaumu boila, kuna vitu viwili vinawafanya watu wanunue mpya bila sababu. Cha kwanza ni presha. Geji ikiwa mfumo umepoa inatakiwa isome kama bar 1 mpaka 1.5, sasa mtu anaona imeshuka, anaongeza maji, wiki ijayo imeshuka tena, anaongeza tena, mwisho anaamua boila imekufa. Mara nyingi ni bomba linavuja chini ya sakafu, au kile kitangi chenye hewa kinachopokea maji yakitanuka kimeisha upepo, kwa hiyo maji yakipata moto presha inapanda mpaka ile valvu ya usalama inafunguka kwenye bar 3 na kuyamwaga nje, yakipoa presha imeshuka. Kukijaza upepo ni kazi ndogo sana. Kuendelea kuongeza maji kila wiki ndo ubaya wenyewe, kila maji mapya yanaingia na oksijeni na oksijeni inakula chuma.

Cha pili ni tope. Redieta ya moto juu na baridi chini, hiyo sio boila, hilo ni tope jeusi la kutu limekaa chini ya redieta. Nimeona watu wengi wanafungiwa boila mpya kwenye mabomba yaleyale machafu, tope linaenda kuziba eksichenja mpya ambayo njia zake ni nyembamba kuliko ya zamani, na kampuni ikija kukagua garantii inakataa kulipa. Mfumo usafishwe kabla, iwekwe filta yenye sumaku kwenye bomba la maji yanayorudi, na iwekwe dawa ya kuzuia kutu. Fundi ambaye kotesheni yake haijataja kusafisha mabomba muulize kwanini. Zile kelele za kuunguruma kama birika linalokaribia kuchemka nazo mara nyingi ni ukoko wa chokaa au tope hilohilo, wakati mwingine linasafishika, kwenye boila kongwe wakati mwingine hapana.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakina mjadala wa tutengeneze au tubadilishe, nacho ni kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, inaua watu wamelala. Ukiona moto wa boila umekuwa wa njano badala ya bluu, au masizi ukutani karibu na boila, au watu wa ndani wanaumwa kichwa na kizunguzungu na kichefuchefu alafu wakitoka nje wanapata nafuu, zima boila, fungua madirisha, tokeni wote, piga simu ya dharura ya gesi, na isiwashwe tena mpaka fundi mwenye leseni ya gesi aikague. Boila nyingi za sasa zimefunikwa kabisa huoni moto, ndo maana nasema kila nyumba yenye boila iwe na alamu ya kaboni monoksidi, mpya au ya zamani, na uijaribu kile kitufe mara kwa mara. Hii naomba msiipite haraka.

Sasa tuseme umeamua kubadilisha. Kosa ninaloliona kuliko yote ni kununua saizi ileile iliyokuwepo. Boila nyingi za zamani zilifungwa kubwa kupita kiasi, na tangu hapo nyumba imebadilishiwa madirisha, dari imewekewa sufi, joto linalopotea limepungua sana. Boila kubwa kwenye nyumba ndogo inawaka dakika chache inazima, inawaka tena inazima, kutwa nzima, inakula gesi na kujichosha. Nyumba nyingi za wastani zilizozibwa vizuri hazihitaji hata kilowati 10 kupasha vyumba, hizo 24 au 30 unazoziona zimeandikwa kwenye boila za kupasha na maji ya bafuni papo hapo ni kwa ajili ya bafu, sio vyumba. Kwa hiyo muulize fundi swali moja ambalo wengi hawaulizwi: hii boila inaweza kushuka mpaka kilowati ngapi? Inayoshuka mpaka 3 itakaa imewaka polepole muda mrefu na nyumba itakuwa na joto tulivu, ambayo haishuki chini ya 8 itakusumbua. Na fundi wa kweli anapita chumba kwa chumba, anapima kuta na madirisha, anaangalia redieta, ndo anakupa saizi. Yule aliyeangalia boila ya zamani ukutani akakuandikia bei na kuondoka, mwache.

Kuhusu kuokoa gesi, ni kweli boila za zamani zenye kale kamoto kanakowaka muda wote nyingi zilikuwa zinatumia kama asilimia 60 au 70 ya gesi vizuri na iliyobaki inaenda na moshi, na hizi mpya zinazogeuza mvuke wa moshi kuwa maji na kuchukua joto lake zinapita 90. Uingereza wamezilazimisha tangu 2005. Lakini hiyo 90 haiji yenyewe jamani! Mvuke haugeuki maji vizuri kama maji yanayorudi kwenye boila yana joto la kuzidi nyuzi 55 hivi, na mafundi wengi wanafunga wanaiacha ipashe maji yanayotoka kwenda kwenye redieta mpaka 75 au 80 kwa sababu hawataki kuitwa kurudi. Mwambie aishushe, 60 au hata 55, uone kama nyumba inapata joto, siku za baridi kali sana ndo uongeze. Ila kama una tangi la maji ya kuoga lenyewe libaki 60 ili kuua bakteria wa legionela, wanaoleta homa ya mapafu, na kama boila yako bado ni ya aina ya zamani usijaribu kuishusha hivyo, yale maji ya moshi yana tindikali yatakula chuma chake.

Alafu kuna pampu ya joto, inayochukua joto la hewa ya nje. Kwa uniti 1 ya umeme inaweza kukupa kama 3 za joto, ila inataka maji ya joto la chini, mara nyingi redieta kubwa zaidi, nafasi nje ya nyumba, na pengine tangi. Simwambii kila mtu aifunge, nyumba inayovuja joto kila upande izibwe kwanza. Lakini kitu kama hicho hakifungwi ndani ya siku moja, na nchi kadhaa zinatoa ruzuku ambayo maombi yake mara nyingi yanatakiwa kabla kazi haijaanza, kwa hiyo aliyengoja boila izime ameshajifungia mlango huo. Ndo maana nasema baridi ikiisha tu, boila yako ikiwa imepita miaka 10, ita fundi aikague, chukua kotesheni tatu, linganisha bila presha ya mtu, mafundi nao wakati huo hawana foleni. Ukikuta bado nzima, iache ifanye kazi, angalau unajua utaweka nini siku yake ikifika.

Wapangaji nao, mwandikieni mwenye nyumba kipindi hichohicho cha joto, kwa maandishi, mkitaja umri wa boila na mara ilizoharibika, na mtunze nakala, maneno ya simu hayashikiki.

Na siku ya kufunga, kwa yeyote, angalieni lile bomba dogo linalotoa nje yale maji ya moshi wa boila. Likiwa jembamba na refu na halijafunikwa, litaganda usiku wa kwanza wa barafu na boila mpya itazima. Liwe nene, fupi, lenye mteremko, limevalishwa sponji. Mdai fundi karatasi ya usajili wa garantii na mipangilio aliyoiweka kabla hajaondoka, na sevisi ya mwaka wa kwanza muiandike tarehe palepale, manake ukiiruka garantii nyingi zinakufa.

Ni mimi msomaji wako, fundi wa boila.