Kabla hujanunua shokapu

Mafinga,
Jumapili jioni

Baba Tumaini, kamwene!

Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatumaliza. Mama watoto anakusalimu, na anauliza ile ndoo yake uliyobebea viazi utairudisha lini. Mimi simo.

Ulivyopiga Jumatano mtandao ulikatika kabla sijakujibu. Ulisema pikapu yako inagonga nyuma, na fundi amekwambia ukanunue shokapu zote mbili. Usinunue kwanza. Mimi nilinunua, mpya kabisa, nikatoka nazo gereji nikitamba, na kwenye tuta la kwanza tu: gong! Mlio ule ule, mahali pale pale. Kumbe zilizokufa ni bushi za springi, vile vipande vya mpira vinavyokaa kati ya springi na pini zinazoishikilia.

Unaijua Hilux yangu, ya 1994, na mizigo ya mbao ninayoibebesha. Kwenye rasta za barabara kuu ilikuwa inatetemeka kama debe la misumari, na nikiachia mafuta kwenye kona mkia unakwenda unakotaka wenyewe. Nikalaumu usukani, nikalaumu matairi. Springi ya kushoto ilikuwa inacheza kwenye pini yake ya mbele, na ekseli inaifuata.

Kupima si kazi. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, weka mawe, ingia chini, chomeka mtaimbo kati ya springi na mabano inamoshikiliwa, kisha sukuma. Bushi nzima inanesa kidogo halafu inarudi. Yangu ilikwenda mpaka chuma kikagonga chuma, na unga mweusi wa mpira ukanimwagikia usoni.

Sasa sikia kinachoniuma. Bushi zile hazikuwa zimemaliza hata mwaka! Aliyenifungia alikuwa fundi mmoja, simtaji. Alikaza nati zote gari likiwa juu ya jeki, springi zinaning'inia. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nakunywa chai, namsifia jinsi anavyokaza kwa nguvu.

Kosa liko hapo, Baba Tumaini. Mpira wa bushi hautelezi kwenye pini kama bearingi. Nati ikishakazwa, mpira umeshikwa, na springi ikipanda na kushuka mpira unajikunja na kujikunjua. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, ukishusha tu gari mpira umeshakunjwa kabla hujapakia hata kiroba. Ni kama mtu umlaze shingo imepinda, halafu umtwishe gunia. Unachanika mapema, hata uwe mpira wa kiwandani.

Safari hii nilifanya mwenyewe na kijana wangu. Tulikita fremu kwenye vigogo viwili vya mkaratusi, jeki ikabaki chini ya ekseli kwa kuipandisha na kuishusha tu. Usimwamini jeki akulinde ukiwa chini ya gari. Bushi za nyuma, kwenye kile chuma kinachoning'iniza springi, zilitoka kwa mkono, maana ni vipande viwili vinavyokutana katikati. Ya mbele ndiyo ilitutoa jasho. Ina ganda la chuma, na lilikuwa limeshikana kwa kutu na jicho la springi, lile tundu la mwisho wake bushi inamokaa. Kijana akataka kuchoma moto. Nikakataa: tangi la dizeli liko jirani, na moto unalegeza chuma cha springi. Tukatoboa mpira, tukafungua msumeno wa chuma, tukapitisha wembe wake ndani ya jicho, tukaufunga tena. Tukakata ganda taratibu, tukisimama kila mara kumulika tochi tusije tukalila jicho lenyewe. Halafu tindo, nyundo, na ganda likajikunja kwa ndani kama jani kavu. Saa mbili nzima kwa bushi moja!

Mpya tuliivuta ndani kwa bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba. Muuza spea alinishawishi nichukue zile nyekundu ngumu za plastiki. Zinadumu, sibishi, lakini zinataka grisi yake maalumu, zisipoipata zinalia kama mlango wa stoo, na barabara zetu hizi kila kokoto ungelisikia kiunoni. Nikachukua za mpira. Ukizisukuma tumia maji ya sabuni. Fundi akija na oili chafu mkatalie, inavimbisha mpira.

Nati zote tulizifunga kwa vidole tu. Tukarudisha matairi, tukashusha gari sakafuni, nikapandisha watoto wanne nyuma waruke mpaka wachoke (hawakuchoka). Wakashuka, springi ikakaa inavyopenda, ndipo nikaingia chini na spana iliyochomekwa bomba nikakaza. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kama umezilegeza zirudie baada ya mizigo miwili mitatu.

Jana nimepita kwenye rasta zile zile na mbao juu. Nilichosikia ni kijana akitafuna karanga.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi mfuko mweusi pamoja na barua hii. Ndani kuna ile bushi mbovu ya kushoto. Angalia mpasuko wake, umezunguka upande mmoja tu. Mwonyeshe fundi wako kabla hajashika spana, kisha unirudishie, mdogo wetu ameshaililia awekee kigari chake gurudumu. Na ndoo, tafadhali.

Ni mimi nduguyo,
wa Mafinga