Barua ya wazi kwa wanangu wauguzi wa Kisumu

Wanangu, hamjambo? Salamu zangu ziwafikie kwanza walio zamu ya usiku, maana hao ndio ninaowaandikia hasa, juu ya maumivu ya akili tunayoyaficha sisi wauguzi.

Nilijifunza kazi hii hapa Kisumu, hospitali tunayoiita Russia (siku hizi Jaramogi Oginga Odinga), ikiwa bado inanukia rangi. Ilifunguliwa 1969, hesabuni wenyewe umri wangu. Sindano za kuchemsha zimekwisha, kofia nyeupe zimekwisha. Kilichobaki ni ile tabia yetu ya kuandika kila kitu kwenye chati ya mgonjwa, na ya kwetu kuyameza.

Haya yangu. Baadaye, katika hospitali nisiyoitaja, tulikuwa wawili wadi ya wazazi usiku mmoja. Mama alijifungua salama, kisha akavuja damu. Damu ya kumwongezea haikuwepo. Tukampoteza. Asubuhi nikakabidhi zamu, nikafua sare, jioni nikarudi. Niliulizwa kama fomu zimejazwa, basi. Karibu miaka miwili sikupata usingizi bila Piriton, dawa za mzio zinazoleta usingizi, tena za kwenye troli ya wagonjwa. Naam, za wizi. Mchana nilikuwa nikiwafokea kina mama walio na uchungu, nikidhani huo ndio ukomavu wa kazi.

Mtasema, mbona hukwenda kliniki ya akili? Ilikuwa ng'ambo ya ua! Muuguzi wake tulisoma naye darasa moja, karani wa mafaili alikuwa jirani yangu. Kabla sijaketi kitini, chumba kizima cha chai kingejua. Kwa hiyo nikisikia wakubwa wakisema huduma ipo kwa kila mfanyakazi, huwa nauliza mlango wake unatazama wapi.

Nendeni mbali. Mimi nilipanda matatu hadi kwa mshauri Kakamega, nikajiandikisha kwa uongo kama mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya tatu nikakiri uongo wangu. Mshauri akacheka: alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nikihesabu pumzi zake kwa saa yangu ya mkononi.

Wengine mnaogopa sheria. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inampa mgonjwa haki ya kutunziwa siri, na muuguzi akiugua ni mgonjwa. Na aliyewahi kujaribu kujiua asijifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kumshtaki mtu wa namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Usiku ukizidi, namba ya simu 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozi pesa.

Ninyi masista inchaji, wasimamizi wa wadi, nina neno nanyi, na mnivumilie. Mtu akiomba ofu, msimhoji mbele ya wenzake. Aliyefiwa na mgonjwa mikononi asipangwe peke yake usiku unaofuata. Hilo ni kalamu na rota tu, halingoji bajeti ya kaunti. Na huyo mnayemwita mkali, au mlevi, hebu ulizeni aliona nini na lini.

Mimi siku hizi nina mbuzi wawili na muda mwingi. Anayeona haya kwenda peke yake aje tufuatane hadi steji ya Kakamega. Nitaketi nje nikimngoja, na nauli nitalipa mimi.