Wazazi waelezwe ukweli kuhusu karate

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, Mtwara Mjini. Mchana nashona, na baada ya swala ya alasiri nafundisha watoto wa mtaani karate chini ya mwembe. Suti zao nyingi nimezishona mwenyewe kwa marikani. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja kumtoa mwanawe. Mtoto alikuwa amesema nyumbani kwamba tunakaa kwa magoti, tunafumba macho na kuinama. "Fundi, mwanangu umemtia kwenye ibada ya nani?" Aliuliza kwa adabu kabisa.

Mwalimu mwenzangu akanishauri nimjibu kwamba ni mazoezi ya viungo tu, yaishe. Nilikataa, maana huo si ukweli. Neno dojo, yaani mahali pa mazoezi, Wajapani walilichukua katika Ubudha, likiwa na maana ya mahali pa kuifuata Njia ya Buddha. Karate nayo zamani iliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa Kichina". Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule wa Okinawa aliyekwenda kuionyesha Tokyo mwaka 1922, ndiye aliyeshikilia iandikwe "mkono mtupu". Utupu huo si wa kukosa silaha peke yake. Ni ule wanaoufundisha Wabudha wa Zen: mtu aondoe ubinafsi na nia mbaya moyoni, abaki kama kioo kilichofutwa vumbi.

Hayo yote nilimweleza yule baba, tumekaa kibarazani, cherehani imesimama. Nikamwambia pia tunachofanya sisi. Kwetu Waislamu kurukuu na kusujudu ni kwa Mungu peke yake, hapo sina mjadala. Kwa hiyo nimebadilisha: mtoto anaweka kiganja kifuani na kutoa shikamoo. Ila zile dakika za kimya sikuziondoa, na sitaziondoa. Hatumwombi yeyote pale. Mtoto anasikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka.

Juzi kijana wa miaka 9 alipigwa ngumi ya mdomo kwa bahati mbaya. Aligeuka, ngumi iko juu, macho yamejaa machozi. Kisha akavuta pumzi ndefu kwa pua. Niliyaona mabega yake yakishuka kidogo kidogo, mkono nao ukashuka, akarudi kwenye mstari. Funakoshi alikuwa akisema katika karate hakuna kuanza kupiga, na Heian Shodan, kata (yaani mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa) ya kwanza tunayowafundisha, huanza kwa kuzuia. Mwalimu anayefuta kimya akabakiza ngumi anampa mtoto panga lisilo na ala.

Huku kwetu kusini mzazi hampeleki mtoto jandoni bila kumjua kungwi. Nawaomba walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi: kabla hamjapokea mtoto, mwiteni mzazi aone zoezi zima, mwanzo hadi mwisho, na kila neno la Kijapani mlifasiri mbele yake. Akiona halimfai, amchukue mwanawe kwa amani.

Yule baba alikuja Alhamisi, akakaa pembeni mpaka tukamaliza. Akasema atazungumza na mama mtoto. Suti ya mwanawe nimeifua na kuikunja, iko kabatini, sijampa mwingine.

Fundi cherehani na mwalimu wa karate,
Magomeni, Mtwara