Barua kwa mwanangu: taji lako la theluji

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia usiku huu wa Alhamisi, taji lako likiwa mbele yangu juu ya meza ya chakula, kwa sababu Jumamosi mchana utakapoingia jukwaani mimi nitakuwa wodini. Niliomba kubadilishana zamu na mwenzangu, haikuwezekana, na nimekwisha kukuomba radhi kwa hilo. Mama mdogo ndiye atakayekusuka na kukupeleka, nami nitakuja kwenye onyesho la Jumapili. Lakini mama mdogo hajawahi kumvalisha mtoto taji la baleti, kwa hiyo wewe ndiwe utakayemwelekeza, na ili umwelekeze vyema ni sharti ujue taji hili limeundwaje na kwa nini likaundwa hivyo.

Wiki iliyopita uliniuliza, tena ukiwa umeudhika kidogo, kwa nini nililifumua taji la kwanza ilhali lilikuwa zuri, na kwa nini tusinunue jingine dukani kama mwaka jana. Nilikujibu kwa haraka kwa kuwa nilikuwa na sufuria mekoni. Swali lako lilistahili jibu refu zaidi ya lile.

Nianze na la mwaka jana. Lile tulilolinunua lilikuwa la plastiki na chuma chenye rangi ya fedha, na mkononi lilimetameta kwelikweli. Unakumbuka yaliyotokea. Katika mzunguko wa tatu liliteleza likakuangukia usoni, ukamaliza ngoma yote jicho moja likiwa limefunikwa, hukukosea hata hatua moja, kisha ukaja kulia nyuma ya jukwaa huku umejifunika leso yangu. Watu walikusifu kwa ujasiri, lakini wewe uliniambia kwamba umekitikisa kichwa vibaya. Sivyo, mwanangu. Mchezaji wa baleti anapozunguka hakigeuzi kichwa sawia na mwili. Macho hubaki yametazama mahali pamoja mpaka mwili unapokaribia kumaliza mzunguko, ndipo kichwa kinapogeuka ghafla na kuuwahi. Ndivyo mwalimu alivyokufundisha, na ndivyo ulivyofanya. Kitu kizito kilichokaa juu ya kichwa kinachogeuka kwa kasi namna hiyo hutaka kuendelea na safari yake, na chuma kitupu hakina pa kushika. Vichana vya taji lile vilikusudiwa nywele laini zilizonyooka, si nywele zilizosukwa mistari na kufungwa kifundo. Kosa lilikuwa la taji, na aliyelichagua ni mimi.

Ndiyo sababu mwaka huu, wazazi walipoombwa wajitolee kutengeneza mapambo ya kichwani ya wasichana kumi na wawili wa ngoma ya theluji katika baleti ya The Nutcracker, niliinua mkono kabla ya kufikiri zamu zangu.

Nilianza kwa njia ninayoijua. Nilipokuwa na umri wako, nyanya yako alikuwa akishona kofia za viua kule Lamu, na kofia moja ilimchukua miezi, maana kila kitundu hutobolewa kwa sindano kisha huzungushiwa uzi pande zote mpaka kikawa kama jicho dogo, na vitundu hivyo hupangwa mamia kwa mamia mpaka maua yatokee juu ya kitambaa cheupe. Kofia iliyooshwa aliitia wanga, akaivisha juu ya bakuli na kuianika ili ikauke na umbo lake. Siku za harusi aliketi na majirani akitunga asumini na kuzifunga pamoja na mrehani ziwe vikuba vya wanawake kuvaa, na nyumba nzima ikanukia mpaka asubuhi. Kwa hiyo niliposikia kwamba pambo la kichwa linatakiwa, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye viua na wanga. Nilishona usiku tisa. Taji lile, nikiri bila kujivuna, lilikuwa kazi safi kuliko yote niliyowahi kuishona, na ungeliweka mbele ya nyanya yako angelishika na kuligeuza nyuma kutazama mafundo, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kisha nilikuomba ulivae usimame mwisho wa ujia wa nyumba, baba yako akakumulika kwa tochi, nami nikarudi nyuma hadi kwenye mlango wa mbele. Sikuona kiua hata kimoja. Niliona kitambaa cheupe kimemkaa mtoto kichwani kama bandeji, na bandeji ninazijua. Na huo ujia wetu ni mfupi sana ukiulinganisha na ukumbi wa Kenya National Theatre, ambako mtu aliyeketi safu za nyuma atawaona kumi na wawili mkipita mbio chini ya taa kali. Kiua ni kazi ya kutazamwa na mtu anayekusalimia kwa mkono. Jukwaani hakiwezi kusema neno, hata kiwe kizuri namna gani.

Usiku ule nilitafuta picha za zamani za The Nutcracker, nijue waliotangulia walilitatuaje jambo hili. Baleti hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 18 Desemba 1892, katika ukumbi wa Mariinsky mjini St. Petersburg, Urusi, na muziki wake ni wa Tchaikovsky. Hadithi unaijua, msichana na mdoli wake wa kubangulia njugu, lakini huenda hukujua kwamba ngoma yenu ya theluji ilikuwamo tangu siku hiyo ya kwanza, hatua zake zikiwa zimetungwa na Lev Ivanov, na kwamba zile sauti za watoto zinazoimba bila maneno ziliandikwa na Tchaikovsky mwenyewe. Picha ya wachezaji hao wa theluji ipo hadi leo. Nguo zao zimejaa vifundo vyeupe vya mviringo mfano wa pamba, na vichwani wamevaa vifundo kama hivyo vilivyosimamishwa juu ya nyaya nyembamba. Nikaitazama picha ile kwa muda mrefu. Wao hawakujaribu kulifanya taji lionekane kwa urembo mdogo mdogo, walilifanya litikisike. Mchezaji akikimbia, nyaya zinacheza, na jicho la mtazamaji hunasa kitu kinachotikisika hata pale lisipoweza kuona umbo lake.

Hapo ndipo nikachukua mkasi.

Taji ulilonalo sasa lina kiunzi cha waya wa unene wa milimita 1, nusu duara ya sentimita 28 inayokaa mbele ya kifundo chako. Nilikupima ukiwa umekwisha kusukwa, kwa kuwa kichwa kilichosukwa si kipimo kimoja na kichwa kilichofumuliwa. Waya huo nimeuviringa wote kwa utepe wa pamba, na utepe huo, ingawa hakuna atakayeuona, ndio unaolishikilia taji: pamba hukwaruzana na nywele ikatulia, na kibanio kikipenya ndani yake hakitelezi. Kwenye kiunzi yamesimama mabua sita ya waya mwembamba, yakiwa na urefu tofauti ili yasitikisike kwa pamoja, na juu ya kila bua pana nyota ya pembe sita iliyoshonwa kwa puleki na shanga. Sita hiyo sikuikisia. Chembe ya theluji huwa na pembe sita kwa jinsi maji yanavyojipanga yanapoganda. Wewe na wenzako mmeiona theluji kwa mbali tu, asubuhi zile ambazo mawingu huuachia Mlima Kenya ukaonekana kutoka Nairobi, lakini hilo halitupi ruhusa ya kuikosea hesabu.

Shanga ndizo zilizonipa kazi. Mwanzoni nilizibandika kwa gundi ya moto, kwa sababu ni rahisi na jioni moja hutosha, na katika jaribio la kwanza la kuruka ulidondosha tatu sebuleni. Shanga iliyoanguka sebuleni huokotwa. Ikianguka jukwaani, mtoto anayekuja nyuma yako kwa kiatu laini ataikanyaga na kuteleza, na mimi nimekwisha kuwafunga plasta watoto wengi mno walioteguka vifundo vya miguu. Nikazibandua zote. Nilijaribu uzi wa kuvulia samaki, lakini mafundo yake hulegea yenyewe, basi nikarudi kwenye uzi wa kawaida wa kushonea na kuupitisha katika nta ya mshumaa ili ushikamane. Kila shanga ina fundo lake peke yake, ili uzi ukikatika mahali pamoja iponyoke moja tu na nyingine zisifuate. Kila taji lina shanga 36, kwa mataji kumi na mawili ni mafundo 432, na hayo sikuyafunga peke yangu.

Jumapili ile uliyokwenda kwa shangazi yako, sebule yetu ilikuwa imejaa wazazi. Baba yake mwenzako mmoja, ambaye ni fundi wa jua kali, alikuja na koleo zake na kukunja viunzi vyote kumi na viwili kabla ya chai kuwa tayari, kila kimoja kwa kipimo cha mtoto wake. Mama mwingine alikuwa ametoka Biashara Street na puleki za aina mbili, tukazipeleka dirishani kuzilinganisha. Zile nyeupe zilififia mara moja, na zile za rangi ya fedha zikarusha mwanga mpaka darini. Tukachukua za fedha. Nyanya mmoja asiyeona vizuri hakuweza kutunga shanga, akapewa kazi ya kuviringa utepe, na kwa kweli hakuna aliyeviringa kwa kubana kama yeye.

Jambo lingine lilihusu rangi, nalo naliona si dogo. Kamba za mabegani za nguo zenu zilifika zikiwa na rangi ya waridi hafifu ambayo wauzaji huiita rangi ya ngozi. Ni ngozi ya nani, sijui, lakini si yako wala ya hao wenzako. Katika baleti jambo hili limechukua muda mrefu kurekebishwa: kampuni ya Freed ya London, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa viatu vya baleti, ilianza kuuza viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole, vya rangi za kahawia mwaka 2018 tu, ikishirikiana na kundi la baleti la Ballet Black, na kabla ya hapo wachezaji weusi walilazimika kuvipaka viatu vyao wenyewe. Sisi tulizing'oa kamba zile, tukashona za pamba, na kuzichovya katika chai ya rangi iliyokolea. Wengine zilikaa dakika kumi, wengine nusu saa, kila mama akimwita mwanawe alete mkono wake karibu na sufuria. Zako ziko sawa kabisa na bega lako. Nilizijaribu ukiwa umelala.

Sasa sikiliza ya kumwambia mama mdogo. Vibanio viko ndani ya kopo la majani ya chai, kwenye mkoba wako wa mazoezi, navyo ni kumi na viwili, viwili kwa kila kitanzi cha kiunzi. Afunge kwanza kifundo na kukipulizia dawa ya nywele, asipulizie tena taji likishakaa, kwa maana dawa huzifanya puleki zififie. Kibanio cha kwanza kiingie kikielekea mbele na cha pili kikipita juu yake, vikatizane. Kimoja peke yake hutoka. Akimaliza, tikisa kichwa kwa nguvu kama mtu anayekataa uji, kisha ruka mara tatu, na usione aibu kufanya hivyo mbele ya watu. Msikae dirishani kwenye matatu mkiwa mmelibeba taji wazi. Lifungeni katika leso. Baada ya onyesho hesabuni vibanio hadi vitimie kumi na viwili, kwa sababu kilichobaki sakafuni kitamchoma mtu.

Na ukilipapasa kwa ndani, pale linapogusa paji la uso, utakuta kitambaa laini. Ni kipande cha lile taji la kwanza, nimekifua wanga wote ukatoka. Viua vyake viko ndani, vimelala juu ya ngozi yako, na ukumbini hakuna atakayeviona. Likikubana nyuma ya sikio la kushoto, mwambie mama mdogo akilegeze kitanzi cha tano, maana hapo ndipo waya ulipoungwa.

Jumapili nitaketi safu ya nne, upande wa kulia.

Mamako