Volani ya kuume, wezi wa kushoto

Bwana Mhariri,

Mashauri juu ya wizi wa magari yanayozunguka kwenye simu za watu hapa Lubumbashi, mengi hayatufai sawasawa. Yametungwa kwa dereva wa Ubelgiji mwenye volani (usukani) ya kushoto anayetembea kuume, ama kwa wa Dar es Salaam mwenye volani ya kuume anayetembea kushoto. Sisi tunatembea kuume, lakini motokari nyingi zinazoingia kwa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, zimetoka Japani na volani yao ni ya kuume. Dereva wetu hukaa upande wa mtaro, na kiti cha abiria kiko upande wa katikati ya barabara. Wezi wameshalijua hilo.

Kwenye foleni ya kwenda Kenya au Katuba, komini za hapa mjini, pikipiki hupenya kushoto. Mkono ukiingia kwenye dirisha la abiria, mkoba ulio kitini umekwenda, na dereva yuko mbali mno kuuzuia. Mkoba uwe chini, nyuma ya kiti chako mwenyewe. Kioo cha kushoto kiachwe wazi vidole viwili tu, kisha bonyeza kwenye mlango wako kile kitufe kinachozuia vioo vingine kushushwa. Simu isikae mkono wa kuume karibu na dirisha: huko wanapita watu kwa miguu. Na unaposimama, hakikisha unaona matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yako yakigusa lami. Ukisogea kupita hapo, huwezi kukata kona na kutoka.

Kosa kubwa zaidi hutokea kwenye maegesho. Ukishuka upande wa mtaro, milango ya kushoto huioni, na ndiyo mwizi anayoijaribu kwanza. Usiamini telekomandi peke yake. Za magari ya Japani hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, na mtu mwenye kifaa kidogo cha mawimbi hayo, akibonyeza wakati uleule unaobonyeza wewe, gari halisikii amri. Taa za kona zisipowaka, gari halikufungwa. Zikiwaka pia, zunguka uvute kila kishikio, na buti.

Wenye ufunguo usiochomekwa wana shida nyingine: watu wawili wenye vifaa wanaweza kurefusha mawimbi ya ufunguo ulio sebuleni hadi garini, gari likawaka. Uweke usiku ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, maana cha plastiki hupitisha mawimbi. Kisha peleka kopo hadi kwenye mlango wa gari: ukifunguka, tafuta kopo jingine.

Gari la zamani lisilo na ufunguo wa chipu lifungiwe swichi ya siri ya pampu ya mafuta. Hapa mafundi wengi wanakosea. Wanakata waya mnene wa pampu, wenye ampea 5 na zaidi, kwa swichi ndogo ya taa. Inapata moto, inayeyuka, gari linazimika njiani. Ukatwe waya mwembamba unaoamrisha rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha pampu, ambao haufikishi hata robo ampea. Swichi isikae mahali goti linapoweza kuigonga.

Ukifika nyumbani, usiingize pua ya gari kwenye lango lililofungwa. Gari la pili likisimama nyuma yako, umenaswa. Mpigie simu sentineli, mlinzi wa lango, ukiwa bado mbali, ungoje barabarani na gia ndani, uingie lango likiwa wazi kabisa. Gari linalokufuata tangu mjini likipunguza mwendo nawe, pita nyumba yako uende penye watu.

Wakitokea na silaha, gari waachie. Mikono ibaki juu ya volani, na useme kabla ya kufungua mkanda, kwa sababu kifungo chake kiko kiunoni na mkono unaoshuka ghafla huonekana unatafuta bunduki. Mtoto akiwa nyuma, sema kwanza, kwa sauti: «Mutoto iko nyuma, namutosha,» yaani mtoto yuko nyuma, ninamtoa.

Mafundi wa umeme wa magari,
Kampemba, Lubumbashi