Kuhusu ule ulimi mfupi wa randa

Marahaba mama yangu. Meseji yako nimeikuta asubuhi, eti mbona ulimi wa randa ya babu yako, kile chuma kinachokata, ni mfupi kuliko za wenzio hapo karakana Dodoma, nikacheka peke yangu mpaka mama yako akauliza kulikoni. Yeye sikumwambia, ngoja nikwambie wewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, Keko hapa Dar, nilikuwa na haraka balaa. Bosi alikuwa na grainda ya umeme, mi nikaona kunoa kwa jiwe ni mambo ya wazee, nikaukandamiza ulimi pale bila hata kuuchovya maji, cheche zinaruka najiona fundi kweli, kuja kutazama makali yamekuwa buluu kama yule nzi wa chooni. Chuma kikishafika buluu ugumu umekwenda, unanoa asubuhi saa nne hakikati tena. Ikabidi nisage mpaka ile buluu yote iishe, karibu sentimita nzima ikaenda hivyo. Babu yako alipouona hakusema neno, aliupima kwa kidole gumba akanirudishia. Bora angenichapa.

Kwaiyo grainda iwe ni pale umegonga msumari makali yakameguka tu, na hapo gusa kidogo, chovya, gusa tena, kidole kikae karibu na makali, ukisikia moto acha. Zingine zote ni jiwe. Kama jiwe la hapo limebonyea katikati kama kiti cha zamani usilitumie, chukua kipande cha kioo cha dirisha ulaze msasa wa maji juu yake, namba 400 kwanza af 1000, inanoa vizuri tu. Ule mteremko wa makali urefu wake uwe kama mara mbili ya unene wa chuma au zaidi kidogo, huhitaji kipimo kingine. Sugua mpaka upande wa nyuma ukipitisha kidole kuelekea nje ya makali usikie kamkunjo kadogo kanakwaruza. Usipokasikia bado hujafika, unang'arisha tu. Ukikapata geuza, ulimi ulale bapa kwenye msasa, usiunyanyue hata kidogo, sugua mara chache kaondoke. Wengi wanaharibu hapo, wananyanyua kidogo ili waharakishe af wanalaumu randa.

Usingoje ikatae ndo unoe. Mninga unaweza kwenda nao muda mrefu lakini mtiki una kamchanga kake ndani unakula makali haraka, na mvule ndo usiseme, kuna siku unakutana na jiwe kabisa ndani ya mbao, jeupe kama chokaa. Ukisikia randa imekwaruza ghafla simama utazame, usilazimishe.

Huku Dar adui yangu ni kutu, ukiacha patasi usiku mmoja na jasho la mkono asubuhi ina madoa, ndo maana kile kitambaa kwenye begi kinanuka mafuta ya cherehani, usikifue. Huko kwenu ni kukavu, kutu sio shida sana ila mipini itasinyaa, nyundo itaanza kucheza. Watakwambia iloweke kwenye ndoo. Usikubali, ikikauka inalegea kuliko mwanzo, wewe toa kabari uweke nyingine pana kidogo, ya mbao ngumu. Na mshumaa nimekuwekea sio wa kusomea, upake chini ya randa, itateleza mwenyewe utashangaa.

Halafu suala la kuazimana. Nyundo azima, futi azima, hata msumeno ukipenda. Patasi hapana bana, mtu ataifungulia kopo la rangi mbele yako na huwezi kumwambia kitu kwa sababu ni mkubwa wako. Sema ni ya baba, mi nitabeba lawama.

Ile tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno nimeikuta juu ya meza, mi ndo nilisahau kuiweka. Nampa kondakta wa basi kesho asubuhi, jioni nenda stendi ukaichukue, nimeifunga kwenye gazeti na kamba ya katani.